Kifungu cha Maji ya Kahawa

Karatu, Ijumaa

Dada yangu Nanzia,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja: barua hii isome peke yako, usimsomee hata Mama, kisha itupe motoni. Sasa nakusalimu sana. Kifua cha Mama kikoje? Mfereji wetu huko Usangi ungali unatoa maji? Mimi ni mzima, ila chakula hakipiti.

Unajua mimi ni karani wa halmashauri hapa. Juzi madiwani walijadili sheria ndogo ya kulinda vijito. Kifungu cha sita kilikataza mashamba kumwaga mtoni maji ya kuoshea kahawa. Maji hayo hushuka kutoka shamba kubwa la huko juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, yakinuka kama pombe iliyochacha.

Mama Bura, mkulima wa bondeni, alikuja kikaoni na kibuyu cha maji hayo.

"Mwenyekiti, onja kwanza ndipo uzungumze."

"Mama, mimi nimeshakunywa chai." Watu wakacheka.

"Ndama wangu wawili walikunywa haya. Nao wangekuwapo wangecheka."

Madiwani wakanyoosha mikono. Kifungu kikapita.

Kesho yake mwenyekiti, ambaye ng'ombe wake hulishwa kwenye shamba lile lile, akasimama mezani pangu.

"Kijana, cha sita kiondoe. Kile cha wanawake wanaofua nguo mtoni kiache."

"Lakini kikao kimekipitisha, Mzee."

"Kikao kimekwenda nyumbani. Wewe piga chapa."

Dada, nilikusudia kutii, naapa. Lakini kibuyu kilikuwa bado juu ya kabati, hakuna aliyekirudisha, na ofisi nzima ilinuka. Nikakipiga chapa kifungu kama kilivyopita. Mwenyekiti hasomi karatasi. Huweka sahihi pale ninapomwonyesha kwa kidole. Nikaonyesha. Akaweka.

Karatasi zimekwenda wilayani Mbulu kwa basi la jana ili ziidhinishwe. Zikirudi zitasomwa barazani mbele ya watu wote, naye atasikia. Mlango ukilia tu, nasimama.

Nisalimie Mama, shangazi mfinyanzi, na shemeji mwalimu. Waambie kazi inaendelea vizuri.

Ukijibu, bahasha ipitie kwa Mzee Athumani, muuza vitambaa karibu na kituo cha basi. Atanihifadhia chini ya majora ya kanga. Usitumie anwani ya ofisi. Kule barua zote hufunguliwa na karani, na sijui mwezi ujao karani atakuwa nani.

Mdogo wako,
Elibariki