Mvua Nyuma ya Sauti Yako

Makanyagio, Mpanda
Jumamosi, 18 Aprili 1998

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Manyanda,

Shikamoo baba. Mwangaluka. Natumaini Mwandu, mchukuzi wa barua hii, atakukuta umeamka vizuri, na kile kifua kimepunguza kukusumbua. Mayu aliyenizaa hajambo? Wadogo zangu je? Na yule ndama aliyezaliwa siku ile naondoka, ameshika miguu? Huku kwa ma'mdogo Christina wote wazima, ila nguo hazikauki na magodoro yananuka unyevu. Mwili wangu hauna neno. Roho ndiyo haitulii. Tangu nianze barua hii nanyanyuka, naenda mlangoni kutazama mawingu ya upande wenu wa Inyonga, narudi, nanyanyuka tena. Ma'mdogo ameniuliza kama kuna siafu kwenye kiti.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati kila asubuhi tunasikizana kwenye redio koli ya chama cha tumbaku. Baba, kwenye redio vituo vyote vinasikiliza. Siku ile nilipouliza habari za ndama, karani wa kituo cha Ilunde alidakia akasema naye anaomba maziwa, na watu wakacheka hewani mpaka nikazima spika. Mimi unanijua. Mgeni akija nyumbani nilikuwa nakimbilia jikoni.

Ndiyo maana nataka uelewe ule ubao ulitokea wapi, maana nyie huko mnausikia tu. Bwana Nestori, msimamizi wetu wa malori, alinichukua kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, nikaweza kumsomea kitabu cha redio kilichoandikwa Kiingereza. Zamani mlikuwa mnataja kipimo cha mvua, yeye anajikuna kichwa, anamwita dereva, anabishana na mtunza ghala, na huku miito yenu redioni inaingia mfululizo: gari linakuja? Njia inapitika? Tuwaite vibarua au wakalime? Kila mmoja alitaka jibu kutoka kwangu, na kila nikishika kile kipaza sauti nilikirudisha mezani. Nikachukua ubao, nikapigilia misumari, msumari mmoja kwa kila kituo, na vifuniko vya soda nikavipaka rangi. Mvua chini ya milimita kumi, kifuniko cha kijani. Ikifika kumi, njano. Ikifika ishirini, nyekundu. Chini ya kila rangi niliandika maneno ya kusema na wa kuambiwa: dereva aondoke au akae, ghala lifunguliwe au lisifunguliwe. Basi. Kipimo kikitajwa, kifuniko kinapachikwa, na jibu lipo tayari. Bwana Nestori alifurahi, anawaonyesha wageni, anasema sasa hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuendesha malori ya chama. Wananisifu kuwa nina akili. Haikuwa akili, baba. Niliogopa kuongea.

Kituo chako ndicho alichokuwa anakisifu kuliko vyote. Wengine walitaja ishirini na tano, thelathini, mvua ya mwaka huu imekataa kuondoka. Wewe ulitaja saba, ukataja tisa. Bwana Nestori alisema Wasukuma wa Inyonga wamehama na ng'ombe, wakahama na jua lao.

Halafu lori la dereva wetu Gaudensi likazama. Najua mlisikia, lakini hamkumwona. Aliondoka kwa kifuniko cha kijani nilichopachika kwa mkono wangu. Alipofika mtoni maji yalikuwa yamepanda juu ya magogo ya daraja, naye akaona bado anaweza, kwa sababu ubao ulisema huko juu hakukunyesha. Tairi za mbele zikateleza. Alikaa juu ya kichwa cha gari siku nzima, maji yanagonga milango, mpaka wachunga ng'ombe walipofunga minyororo na kumvuta kwa maksai. Utingo wake alivunjika mkono. Gaudensi alikuja ofisini na tope limemkaukia masikioni, akaniambia eti dada Prisila, kijani chako kimeninywesha mto mzima, kesho nipachikie soda yenyewe ninywe. Watu wakacheka. Mimi nilikwenda ubaoni nikakivua kile kifuniko.

Bwana Nestori alikata shauri kwamba kipimo chenu kimetoboka, akaagiza kingine. Nami nikaamini, ingawa siku ile ya Gaudensi ulipotaja tisa nilisikia mchakacho nyuma ya sauti yako, nikadhani ni redio inakoroma kama kawaida yake.

Leo asubuhi umeita tena. Umesalimia vizuri, ukasema huku jua kali, kipimo kimesoma sita, lori lije. Ulipobonyeza kuongea, mchakacho ukaja tena. Na ndani yake nikamsikia mayu, sauti ya juu kabisa, anawaita watoto waanue mahindi upesi, waache uvivu, yameshalowa. Baba, hakuna mtu anayeanua mahindi kwa sababu ya jua kali. Ule mchakacho haukuwa redio. Ni mvua juu ya mabati ya ghala letu, naijua kama ninavyojua kikohozi chako, nimelala chini yake miaka yote.

Nilikaa nimeshika kifuniko cha kijani. Gaudensi alikuwa amesimama nyuma yangu na ufunguo wa gari, anasubiri rangi.

Sijui kama ulimwaga maji yote ya kipimo au nusu. Naelewa kwa nini. Naona marobota ya tumbaku yamepangwa mpaka kwenye paa, na lile paa linavyovuja upande wa mlangoni, na wenye tumbaku wanavyokuja kwako kila asubuhi wakikuuliza gari liko wapi, karani, tumekuchagua wewe utusemee. Ukitaja ukweli, kifuniko kinakuwa chekundu, na chini ya nyekundu mimi nilikuwa nimeandika kwamba lori lisije, basi, hakuna neno lingine. Nilitengeneza mlango usio na bawabu wa kumbembeleza. Wewe ukapita dirishani.

Sasa nakuambia lililonifanya nisikae kwenye kiti. Hasira yako ya leo hewani, pale ulipouliza ni nani amegeuza sita ikawa nyekundu, na Bwana Nestori akakujibu kwamba ubao haudanganyi, na wale wa Ilunde wakakuzomea kwamba Inyonga mnaletewa mvua ya kuandikwa: aliyegeuza ni mimi. Nilipachika nyekundu. Bwana Nestori alipoingia nikamwambia umetaja ishirini na sita. Nikamsikia baba yangu anaitwa mkorofi mbele ya mkoa mzima, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, nikakaa kimya. Umenidanganya mimi, nami nimekudanganyia wewe. Tumbaku imelala tena kwenye maji kwa sababu yangu, wala sijutii, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Lakini sitaweza tena. Kuanzia Jumatano Bwana Nestori ananihamishia stoo. Karani mpya atapachika kifuniko kulingana na namba tu, na madereva wameambiwa waangalie rangi wenyewe na waondoke bila kumsubiri mtu. Kati ya namba yako na Gaudensi hatakuwepo mwenye kukujua. Naye Gaudensi ana mke mjamzito nyumbani, mimba ya kwanza.

Mwandu anakuletea turubai pamoja na barua hii, amelifunga kwenye baiskeli, pale mtoni atalibeba kichwani. Ni la Gaudensi, la kufunikia lori lake. Nilimwambia ghala letu linavuja. Hakuuliza kitu, alilikunja akasema mpe mzee afunike tumbaku ya watu, mvua ikiacha nitakuja kulichukua mwenyewe. Nadhani anajua, baba. Na chini ya nyekundu nimeongeza maneno bila kumwomba mtu ruhusa: kituo kipelekewe turubai kwa baiskeli, na siku ya kwanza njia ikifunguka, lori lianze na hicho. Bwana Nestori ameyasoma, akaguna, hakuyafuta.

Jumanne ni zamu yangu ya mwisho, na Mwandu atakuwa ameshakufikia. Nitakuita asubuhi kama kawaida. Nitauliza kipimo mara moja tu, sauti yangu itatetemeka, usiwajali wakicheka. Ukiona namba inakushinda kuitaja mbele ya wote, usiitaje. Bonyeza tu kitufe, unyamaze, niisikie mvua mwenyewe. Nitajua cha kupachika, na vituo vyote vitakuwa vimesikia vilevile.

Mayu mwambie mahindi yaliyolowa ayatandaze kwenye moshi wa jiko. Wadogo zangu uwashike kichwa mmoja mmoja kwa niaba yangu, na ndama pia.

Ni mimi binti yako, niliye nyuma ya redio,
Prisila Manyanda