Siku Niliyomwambia Daktari Kwamba Sijambo

Skärholmen, Stockholm
Machi 1974

Kwa dada yangu mpendwa Anasia,

Shikamoo, dada. Kabla ya yote naomba uniwie radhi kwa ukimya wangu tangu Krismasi. Je, mvua za masika zimeanza huko mlimani? Mguu wa shemeji umepona tangu alipoteleza mfereji­ni? Nawaombea nyote kila jioni.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nangoja uamuzi, na sikutaka kukutia wasiwasi nusunusu. Unajua kwamba nafanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, nikinyanyua mashuka yaliyolowa kutoka mashineni. Tangu theluji ya kwanza mgongo umekataa kabisa. Nchi hii ina utaratibu mwema: mtu ambaye mwili wake umeshindwa kazi kabla ya umri wa kustaafu, serikali humpa pensheni mapema. Lakini sharti aombe, na daktari athibitishe. Kama ningekataliwa, ingenibidi nirudi kwenye mashuka, au nipoteze mshahara na nyumba pamoja.

Basi siku ya kupimwa nilivaa suti niliyoivaa katika mazishi ya marehemu mke wangu Rebeka, nikang'arisha viatu, ingawa kuinama kulinitoa machozi. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye adabu. Alipoingia nilisimama. Alipoangusha kalamu, nikamwokotea.

"Hali yako ikoje?" akaniuliza.

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Na mgongo?"

"Unauma kidogo, lakini si neno."

"Unaweza kunyanyua vitu?"

"Najitahidi, binti yangu."

Akaandika yote hayo, nami nikatoka nimeridhika kwamba sikuiaibisha misheni iliyonilea.

Baadaye ofisi ikaniarifu kwamba inakusudia kunikatalia, ila naruhusiwa kwanza kutoa maelezo zaidi. Nilimpelekea habari hiyo jirani yangu, Mama Nakato, mjane wa Kiuganda aliyekimbilia huku, ambaye husafisha madarasa ya shule. Alicheka mpaka akaketi.

"Mzee Zakaria, ulienda kuomba pensheni ama ulienda kuposa?"

"Mama, ningewezaje kumlilia mtoto wa watu, na ndiyo kwanza tunaonana?"

"Na soksi je? Ulimwambia kwamba ni mimi ninayekuvalisha kila asubuhi?"

"Hakuuliza."

"Hakuuliza! Sasa yeye ni malaika, ajue tu? Kesho tunapiga simu. Na hiyo suti unaiacha hapa."

Nimelitafakari sana jambo hili, dada. Sisi tulilelewa kwamba anayeulizwa hali amesalimiwa, na salamu hujibiwa kwa wema. Habari za maumivu huja baadaye, kwenye kikombe cha pili cha chai, tena mwenyeji akishikilia kuuliza. Daktari yule hakuwa na kikombe cha pili. Wala hakunidhulumu, aliandika alichoambiwa.

Tulipiga simu, tukapewa siku nyingine, na tuliporudi kwa daktari, Mama Nakato aliketi kando yangu kama mama mkwe. Nikasema, "Daktari, niwie radhi. Siku ile nilikupa salamu tu. Leo naomba nikupe jibu." Nikamweleza kwamba siwezi kuosha miguu yangu, kwamba nalala nimeketi kitini, kwamba kijiko kikianguka jikoni hukaa hapo mpaka aje mtu. Kisha nikamweleza na habari ya soksi. Akaweka kalamu mezani.

"Na hii uliyoniokotea?"

"Usiku wake sikulala."

Akaichukua tena kalamu. Akaandika kwa muda mrefu.

Dada, wamekubali. Pensheni itaanza mwezi ujao. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama, maana kupiga magoti siwezi, na sidhani anataka nijifanye naweza.

Nifikishie salamu kwa shemeji, kwa shangazi yetu wa Marangu, kwa binti yako mkunga na wanawe, na kwa mchungaji mzee aliyetubatiza. Mama Nakato naye anakusalimu, ingawa hamjaonana.

Sasa nakuomba jambo moja, na usinikasirikie. Kila mara waniandikia kwamba hujambo, ila macho yanakusumbua kidogo. Na safari iliyopita mwandiko haukuwa wako. Utakaponijibu, tafadhali anza na macho. Niambie unaona nini ukisimama mlangoni asubuhi. Salamu nitazipokea mwishoni.

Ni mimi, mdogo wako akuheshimuye,
Zakaria