Tangazo Nililoliruka

Kumsenga, Jumapili, Oktoba 2015

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri na kukatika kabla ya ibada. Vumbi limelala, ila kichwa changu kimejaa ukungu. Nimebandika maharage mara mbili, na mara zote mbili nimesahau kuchochea moto.

Leo nimefanya jambo moja ninalodhani ni jema. Muda mfupi baadaye nikafanya jingine ambalo nina hakika ni baya.

Mimi ndiye katibu wa kanisa letu. Kazi hii nilipewa mwaka wa pili tangu niletwe huku kufundisha kutoka Njombe, kwa sababu wenyeji wanasema Kiswahili changu kimenyooka. Kila Jumapili nasoma matangazo. Ijumaa Mchungaji alinipa karatasi yenye matatu. La kwanza, ndoa. La pili, zamu ya usafi. La tatu, waumini wakumbuke kumpigia Mzee Yeremia kura ya udiwani, kwa kuwa ni mwenzetu katika imani, na haifai watoto wa Mungu kuongozwa na mtu asiyemjua Kristo.

Huyo asiyemjua Kristo ni Bwana Idrisa, Mwislamu mwenye duka la misumari na saruji mjini Kibondo.

Nilimwuliza Mchungaji kama jambo hilo ni la kutangazwa kanisani. Hakukasirika. Alisema Wakristo tumezoea kuiita siasa mchezo mchafu, tunakaa pembeni na mashati yetu meupe, halafu tunalalamika zahanati haina dawa. Chumvi haikolezi mboga ikibaki kwenye kopo, alisema. Hata sasa naona nusu ya maneno yake ni kweli. Shida yangu ni kwamba sijui ni nusu ipi.

Mzee Yeremia namjua vizuri. Ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya shule yetu. Mwaka juzi malaria iliponilaza hadi nikawa sijitambui, yeye na mkewe walikuja siku tatu mfululizo, wakaniombea na kuninywesha uji kama mtoto wao. Lakini mwaka jana, binti wa darasa langu la sita alipotoroshwa kwenda kuozwa Gwarama, ni Mzee Yeremia huyohuyo aliyeniomba nisilipeleke jina la binti huyo ofisi ya kata. Baba wa binti ni ndugu yake.

Nililipeleka. Gari la kumfuata lilikosekana, mpaka Bwana Idrisa akatoa pikapu yake na dereva. Hakuuliza binti ni wa dini gani. Tulimkuta akipalilia muhogo shambani kwa mwanamume aliyemzidi umri baba yake. Tulirudi naye, na mwezi uliopita amemaliza darasa la saba.

Kwa hiyo mambo ni rahisi? Hapana. Nasikia msikitini nako wanahimizana vivyo hivyo, kwamba sasa ni zamu yao, na Bwana Idrisa hajawakataza.

Jana nilikuwa uani nikijizoeza kusoma matangazo kwa sauti. Spesioza, aliyekuwa akitwanga ua wa pili, akanisikia. Ni mama wa Kirundi aliyevuka mpaka miezi michache iliyopita na watoto wawili, amefikia kwa shemeji yake, jirani yangu. Kanisani hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nilipofika lile la tatu, akaacha kutwanga.

"Mwalimu," akasema, "aliyechoma nyumba yangu, mimi naye tulikuwa tunaimbaga kwaya moja."

Akaendelea kutwanga.

Leo nimesoma ndoa. Nimesoma usafi. Nilipoinua macho, Mzee Yeremia alikuwa benchi la mbele amevaa koti lake la sikukuu, ananitazama kwa upendo. Nikaikunja karatasi. Nikasema matangazo yameishia hapo, nikaenda kukaa.

Mchungaji akasimama taratibu, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akasoma la tatu mwenyewe. Watu wakaitikia amina. Wengine walipiga makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Baada ya ibada aliniita ofisini.

"Mwalimu, umesahau au umekataa?"

"Nimesahau, Mchungaji."

Uso wake ukafunguka. Akanipa pole kwa uchovu, akasema shule inanimaliza, akaniombea nguvu. Nikafumba macho na kusema amina juu ya uongo wangu mwenyewe.

Tangu nirudi nimekaa na swali hili. Kama ni imani iliyonifanya nikunje karatasi ile, mbona imekimbia mbele ya swali moja la upole? Labda haikuwa imani. Labda ni kinyongo changu kwa Mzee Yeremia, au ni shukrani kwa pikapu ya Bwana Idrisa. Labda ni woga tu wa yale maneno ya Spesioza.

Nimefungua Maandiko nitafute msaada. Nimekuta pa kutii mamlaka, nimekuta na pa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Nimeomba. Bado sijui nitampa nani kura yangu. Sijui hata kama Mungu anataka kuniambia jina, au anataka tu niende kituoni nikiwa mtu mkweli.

Na leo sikuwa mkweli.

Kesho baada ya kipindi cha mwisho nitapita kwa Mchungaji. Nitamwambia nilikataa. Akiniuliza sababu, nitamjibu kwamba bado sijaijua vizuri. Huenda akaninyang'anya ukatibu, lakini angalau hilo litakuwa kweli.