Jodari Aliyeniletea Balaa

Dada Mwanaisha,

Basi pale nilipokatiza barua ya juzi, lori likipiga honi liondoke nayo, Halima alikuwa keshamaliza kipande cha pili cha samaki anaramba vidole. Mu wazima huko? Presha ya Mama imetulia? Nauliza kwa sababu ni wajibu, maana leo nina hasira na wewe.

Halima ndiye mke wa mwenye nyumba tuliyopanga hapa Garissa, Msomali, mwanamke ana ulimi huyo. Nikikaanga samaki anapita kaziba pua. "Sisi hatukuli nyoka ya maji, abaayo," ananiambia, yaani dada. Siku ile nikamchokoza, ngamia mzima unammaliza, samaki unamwogopa? Akakaa, akala. Jodari wako huyo uliyenitumia na lori.

Hata chai haijachemka, uso ukamwiva, macho mekundu, mabaka mwili mzima, kichwa kinampwita. Kusimama, akaanguka. Na mimi niliyekula naye sahani moja sina hata chafya. Hapo ndipo nilipokwisha. Mtaa mzima unasema mwanamke wa pwani kamtilia mtu sumu.

Hospitali akadungwa sindano, alasiri kasimama ananitukana vizuri tu. Nikamganda dresa aliyemdunga mpaka akanieleza.

"Mama, samaki huyu akikaa juani anafanya sumu, inaitwa histamini. Hata umkaange awe mkaa, haitoki. Ikiingia kwenye damu ina mahali pake pa kushika, kwenye kuta za mishipa. Ikishika, mishipa inalegea, inapanuka. Damu inakimbilia ngozini, mtu anawaka. Presha inashuka, anaanguka. Dawa yangu inakalia pale pale, sumu ikija haipati pa kushika."

"Na mimi mbona mzima?"

"Haienei sawasawa. Kipande hiki kibaya, kingine hakina kitu."

Kwa hiyo ulimwacha juani, dada. Usinikatalie. Dereva kaniambia alimkuta kwenye karai, jua la saa nane, hana hata chembe ya chumvi, na wewe uko harusini unakata kiuno.

Nikamweleza Halima. Akacheka. "Sumu gani hiyo inajua mgeni, inaruka mpishi?" Mumewe katuambia tuhame. Wangu mimi, bwana mkubwa, anafunga magodoro. Mimi sihami. Nimeuza vitumbua barazani hapa mpaka watoto wa mtaa wananiita mama, niende wapi?

Halima kakificha kipande kimoja, kilichokuwa kimeshikana na chake, anasema ndio ushahidi. Nikamwambia ulete huo ushahidi, niule mbele ya wazee. Nikiwaka kama wewe, Halima, kosa la samaki. Nisipowaka, nahama. Dresa kanigombeza weee, mwisho kasema basi atakuja na sindano yake. Hebu fikiri, mtu mzima naswali naomba uso univimbe.

Msalimie Mama, habari ya sindano usimwambie. Mjomba fundi kanzu mwambie nguo ya mume wangu imembana kwapani. Shemeji, mumeo, mpe salamu, na umuulize kwa nini hakukuzuia wewe na karai lako. Samaki mwingine usi...

Halima huyo mlangoni. "Mla samaki, wazee wamekaa. Unakuja ama umeshiba?"

Nimemwambia naja, nanawa mkono.

Mdogo wako,
Zuhura