Hatua Kumi na Nne

Jumatano, 14 Mei
Ndoo nne kisimani kabla ya shule. Kamba imenichubua kidole kilekile. Bibi anasema nikaze mshiko. Nakaza, haisaidii.
Darasani alikuja mgeni. Dakta wa chuo kikuu, mwanamke, si wa kutibu. Anachunguza watu na maji: nani anateka wapi, nani anaamua. Atakaa hapa Mtongwe mwezi mzima. Alitaka kila mmoja wetu achore maji ya kwao yanakotoka. Wenzangu walichora mfereji wakacheka, maana mfereji wenyewe haujatoa tone tangu Ramadhani. Mimi niliomba nikamalizie nyumbani. Sauti haikutoka, ikabidi nirudie.

Jumamosi, 17 Mei
Nimepima kila kitu kwa miguu. Kisima hadi mlango wetu. Kisima hadi msikitini. Kisima hadi choo cha nyumba za kupangisha: hatua kumi na nne. Jirani yetu Bi Mishi alikuwa anateka. Akawaambia wenzake, "Mwacheni, akimaliza hatua atatuhesabu nywele." Niliona haya. Nilihesabu tena. Kumi na nne.

Jumapili, 18 Mei
Dakta alikuja kwetu. Alimwamkia Bibi shikamoo, akakaa mkekani. Akauliza kisima hiki ni cha nani. Bibi akamweleza kuwa babake ndiye aliyekichimba, akakiweka wakfu: ateke yeyote, asitozwe mtu.
"Maji hayana mwenyewe, mwanangu. Kisima kilikuwa na wenyewe, nao wamekufa."
Nilimpa ramani niliyochora, na hatua zake zote, nje, akiondoka. Aliitazama muda mrefu. Akasema hajapata kuona kazi safi namna hii. Ameichukua. Nina furaha hadi naona aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Baraza kwa chifu. Bibi hakwenda, magoti yanamsumbua. Dakta alisoma ripoti yake mbele ya maafisa wa mazingira. Alitaka waone kwamba wenyeji wanajua kutunza maji bila kuamriwa. Ramani yangu ilibandikwa ukutani, imekuzwa. Afisa mmoja aliinuka, akaweka kidole pale kwenye kumi na nne. Habari ya wakfu hakuiuliza.

Jumanne, 17 Juni
Walikuja watatu na utepe wa kupimia. Nilimwomba Mungu niwe nimekosea. Sikukosea. Kisima kiko karibu mno na choo, kifungwe.
Bibi akawaambia choo ni cha juzi, kimejengwa nikiwa darasa la tano. Kisima yeye amezaliwa akakikuta. "Basi fungeni choo."
Afisa akasema choo kina kibali. Kisima hakina karatasi yoyote.
Saruji waliimwaga kisimani saa nne. Kufika alasiri ilikuwa imekauka.

Jumatano, 18 Juni
Dakta alinisubiri nje ya shule, macho mekundu. Anasema majina yote aliyabadilisha. Ni kweli. Ramani aliiacha vilevile. Ataandika barua kwa maafisa. Yeye simchukii. Najichukia mimi.
Bi Mishi anajua nani alichora. Ananipita bila kunitania. Bibi hajui.

Jumapili, 22 Juni
Nimemwambia Bibi. Alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso.
"Ulichoandika kilikuwa kweli?"
"Kweli, Bibi."
"Basi hukukosa."
Akaendelea na mchicha. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 4 Julai
Dakta amerudi bara. Barua haijajibiwa. Sidhani itajibiwa.
Sisi tunanunua maji ya mkokoteni, yana chumvi. Wasioweza kununua wamefukua shimo bondeni, upande wa chini wa choo kilekile. Bi Mishi ni mmoja wao. Hilo shimo sijalipima.
Leo Bibi ameifungua kamba ya kisima, akaifunga kutoka dirishani hadi kwenye mpapai. Sare yangu ya shule inakauka juu yake.
Kidole kimepona.