Gari la Betri Nne

Mtaa wa Swahili, Kariakoo
Jumapili, 9 Novemba 1980

Mke wangu Theopista,

Naamini u mzima huko Rombo. Mimi kikohozi kimepungua. Juzi sukari ilifika duka la ushirika, nimekuwekea kilo moja.

Leo mtaa umetulia, maana Jumapili mchana magari hayaruhusiwi kutembea, kubana petroli. Nami nimemaliza lile gari. Usicheke! Kwenye tambarare linavutwa na mota ya betri, mlimani injini inasaidia, likiteremka mota inarudisha chaji. Kisanduku nilichokiunga kwa rilei, zile swichi za umeme za magari mabovu, ndicho kinachopima betri na kuamua nani afanye kazi. Kwa petroli ya mgawo nitafika huko kukuchukua.

Kaka yako Polycarp ameniandikia kwamba umehamishia vitu vyako vyote kwa wazazi wako. Sikumjibu. Miaka miwili hii tangu uende huko nilidhani gari ndilo jibu.

Mchana nilimwita jirani yetu, Mama Sabaha, aje alione. Alilizunguka, akachungulia dirishani, akaniuliza, "Shemeji, sasa huyo mwenzio atakaa wapi?"

Nyuma kuna mota. Kiti cha mbele nilikwisha kuking'oa tangu mwaka jana, nikapanga betri nne. Mwaka mzima nimekaa kando ya betri hizo nikizisimulia habari zako, wala sikuona.

Kiti chako kipo nyuma ya mlango. Nimekifuta vumbi. Niambie tu kama nikirudishe.

Mumeo, kama bado,
Kasmir