Konde Lako Limejaa Ndago

Bi Mkubwa, mke mwenzangu,

Nasema mimi Mwanasiti, anaandika mjukuu wako Riziki, maana kalamu na mimi hatujuani. Nimemkanya asinipambie maneno. Tangu nilipoletwa nyumbani kwako kuwa mke wa pili hukupata kuninyamazia hata siku moja; leo huna budi kunisikiliza.

Uhuru umekuja. Bendera imepandishwa hapa Mtongwe uwanja wa skuli, tukala pilau, tukacheza. Nami nilifurahi, usinidhanie vibaya. Furaha ikaingia mchanga pale walipoimba wimbo wako.

Ule wa kupalilia mpunga. Ule uliotunga tukiwa tumeinama bondeni, matope magotini, kila mwanamke na ngwe yake. Ukiita, "Bonde lina kijito, kijito kina wenyewe," twaitika, "Na wenyewe ni sisi." Kisha wamtaja kila mmoja kwa jina na kasoro yake, hasalimiki mtu. Mimi nilikuwa Mwanasiti wa wali mbichi. Nilinuna msimu mzima, wallahi. Msimu uliofuata ukaniruka makusudi. Nikatupa jembe nikaja kukuuliza mbona sikutajwa, kwani mimi nimekufa? Ulicheka mpaka ukakaa kwenye matope.

Sasa majina yote wameyatoa. Mwanao Bakari yumo kwenye kamati ya sherehe, na wimbo kawapa yeye. Kasema majina yale ni aibu mbele ya wageni. Pahali pa kijito wametia jina la mheshimiwa mmoja aliyekuja na gari, na wasichana wamefundishwa kuitika, "Na sisi ni wake." Wake wa nini, Bi Mkubwa? Bondeni hajapata kutia hata kidole cha mguu.

Nikamwendea Bakari pale pale. Akanijibu kwa adabu, "Mama mdogo, huu sasa ni wimbo wa nchi, si wa bonde." Nikamuuliza hiyo nchi inakula nini. Akageuka kuwapangia wageni viti. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi, wewe ukipalilia. Kila jina alilolifuta analijua, na mwenye jina anamjua, na wali wake kaula.

Lakini kilichoninyima usingizi si Bakari. Ni kwamba mimi nami sikuwa nimeuimba. Desturi yetu unaijua: mwenye konde haimbi kwenye konde lake. Huimbiwa na mwenziwe, naye huwa wa kwanza kuitika. Kwangu uliimba wewe, kwako niliimba mimi. Basi tangu tukuzike, mvua za mwaka, masika yote, zimenipita nikipalilia kimya kama mwizi. Wanawake walikuja kunisaidia siku moja, wakaona hapana wimbo, kazi ikawa nzito, hawakurudi. Na wimbo usio na wa kuuimba ndio huo, wamechukua waliotaka.

Konde lako nalo limejaa ndago, magugu matupu. Bakari hana haja nalo. Nilipita juzi nikasimama ukingoni, nikakutukana. Umekwenda ukaniacha na nani? Hata wa kugombana naye sina. Napika wali mzuri sasa, hakuna wa kushuhudia.

Haya, sikiliza. Mvua za mwaka zikianza nitaingia konde lako kabla ya langu. Lako si langu, kwako ruhusa ya kuimba ninayo. Nitawaita wanawake wote, na huyu Riziki naye, anayejifanya hasikii. Nitamtaja kila mmoja na kasoro yake. Bakari nitamtaja kwa sauti ya kumfikia huko kamatini. Nawe nitakutaja, mkaidi uliyekataa dawa ukasema ni mafua tu.

Nikifika pa kuitika nitanyamaza kidogo. Wewe ndiwe mwenye konde, wewe ndiwe wa kuitika kwanza. Kisha tutaitika sisi.

Lala, Bi Mkubwa. Mungu akutilie kivuli.

Mimi,
Mwanasiti wa wali mbichi